Ujuzi hauzeeki: Namna ya kutambua ujuzi unaohamishika wakati wa kuandika wasifukazi

Wasifukazi ni stakabadhi fupi inayomweleza mwajiri mwombaji wa kazi ni nani, amesoma nini, amefanya nini na ana uwezo gani. Wengi huiita CV, kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mwendo wa maisha. Miongoni mwa sehemu zake zote, ile inayowatatiza waombaji wengi ni sehemu ya tajriba.

Kijana aliyehitimu chuo huiacha tupu kwa sababu hajawahi kuajiriwa, ilhali amesimamia kibanda cha M-Pesa cha mjombake kwa miaka mitatu. Mama aliyerejea nchini kutoka Saudi Arabia huandika neno moja tu: yaya. Karani wa benki aliyepunguzwa kazini huandika cheo chake cha zamani na kukitafuta kicho hicho kwingineko, ingawa huduma nyingi za benki zimehamia kwenye simu na nafasi za aina yake zimekuwa adimu.

Watatu hawa wana tatizo moja. Kila mmoja ameorodhesha mahali alipokuwa, au kuona haya kupataja, na kusahau alichojifunza kutenda akiwa huko. Wahenga walinena kuwa ujuzi hauzeeki. Hata hivyo, mwajiri hawezi kuuona ujuzi ambao mwenyewe hajautambua wala kuuandika.

Maana ya ujuzi unaohamishika

Ujuzi unaohamishika ni uwezo wa kutenda jambo ambao mtu aliupata katika kazi, masomo au shughuli fulani, na ambao anaweza kuutumia katika kazi nyingine iliyo tofauti. Kuweka hesabu za pesa, kumtuliza mteja aliyekasirika, kupanga ratiba, kumfunza mgeni kazi, kuandika ripoti, kujadiliana bei na kuongoza kikao ni mifano yake.

Ujuzi wa aina hii hutofautiana na ujuzi mahususi, yaani ule unaohitajika katika fani moja. Fundi anayejua kurekebisha injini ya dizeli ana ujuzi mahususi. Fundi huyo huyo, anapomsikiliza mwenye gari, akatafuta chanzo cha hitilafu hatua kwa hatua, akakadiria gharama na kuagiza vipuri kwa wakati, anatumia ujuzi ambao ungemfaa pia msimamizi wa ghala au afisa wa huduma kwa wateja.

Aidha, ujuzi si hulka. Maneno kama vile mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii hutaja hulka, na karibu kila mwombaji huyatumia. Mwajiri hana njia ya kuyapima kwenye karatasi. Ujuzi, kwa upande wake, huonekana katika kitendo na matokeo. Anayeandika kwamba ni mwaminifu ametoa dai. Anayeandika kwamba alishika fedha za chama chenye wanachama 25 kwa miaka minne, na vitabu vyake vikakaguliwa kila mwaka bila kasoro, ametoa ushahidi wa uaminifu huo huo.

Fikra hii ilikotoka

Mnamo 1965, Wizara ya Kazi ya Marekani ilichapisha toleo la tatu la kamusi yake ya kazi. Katika toleo hilo, kila kazi ilipewa tarakimu za kuonyesha jinsi mfanyakazi anavyohusiana na mambo matatu: habari, watu na vitu. Mtafiti Sidney Fine alikuwa na mchango mkubwa katika kuunda mpango huo. Manufaa yake yalikuwa kwamba kazi mbili zenye majina tofauti kabisa zingeweza kuonekana kuwa na vitendo vinavyofanana.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1970, kasisi mmoja wa Kanisa la Episkopali mjini San Francisco, Richard Bolles, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza kazi, alijichapishia kijitabu cha kuwasaidia makasisi wenzake waliokuwa wakiachishwa kazi. Walikuwa watu waliosomea jambo moja na kudhani hawakuwa na lingine la kumpa mwajiri. Hata hivyo, kasisi asiye na kanisa bado anajua kuhutubu, kushauri, kuendesha vikao na kuchangisha fedha. Kijitabu hicho kilikua kikawa miongoni mwa vitabu vya mwongozo wa kutafuta kazi vilivyouzwa sana duniani.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa kipekee. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini humu ndiyo iliyoeneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Ilionyesha kwamba mafundi na wachuuzi waliokuwa wakihangaishwa na askari wa jiji walikuwa wakifanya kazi yenye tija. Miaka 20 baadaye, mnamo 1992, serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogondogo na jua kali.

Takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiondoa kilimo kidogo, zimo katika sekta hiyo. Maana yake ni bayana. Wakenya wengi hujifunza kazi mahali pasipo na barua ya ajira, cheo wala hati ya mshahara. Mfano wa wasifukazi unaonakiliwa kwenye saiba, wenye nafasi ya cheo, kampuni na tarehe, haukuandaliwa kwa ajili yao.

Kuorodhesha vitendo badala ya vyeo

Hatua ya kwanza ya kuutambua ujuzi hufanyika kabla ya wasifukazi wenyewe kuandikwa. Mwombaji huchukua daftari na kuorodhesha kila shughuli aliyoifanya kwa muda wa kutosha, iwe ya malipo au ya kujitolea: kazi za kibarua, biashara ya familia, uongozi wa wanafunzi, kamati ya kanisa au msikiti, timu ya kandanda, chama, ulezi wa mgonjwa nyumbani, ukarani wa uchaguzi au wa sensa.

Chini ya kila shughuli, huandika vitendo alivyovifanya siku ya kawaida tangu asubuhi hadi jioni. Ni sharti avitaje kwa vitenzi: alipokea, alihesabu, alikagua, alipanga, alieleza, alirekebisha, aliandika, alisuluhisha. Neno "nilihusika" halifai kwa sababu halisemi lolote. Aliyefagia ukumbi alihusika katika mkutano, na aliyeuongoza pia alihusika.

Kisha huvigawa vitendo hivyo katika mafungu matatu yaliyotajwa awali. Fungu la habari hukusanya vitendo kama kurekodi, kulinganisha, kukokotoa na kuripoti. Fungu la watu huwa na kuhudumia, kufundisha, kushawishi, kupatanisha na kusimamia. Fungu la vitu huwa na kuendesha mashine, kuunda, kukarabati, kupakia na kutunza vifaa. Fungu linalofurika kuliko mengine humdokezea mwombaji aina ya kazi anazopaswa kuzifuatilia, hata kama hajawahi kuziwazia.

Hatua inayofuata ni kupima. Wateja wangapi kwa siku? Pesa kiasi gani? Watu wangapi chini ya usimamizi wake? Kwa muda gani? Mara ngapi kwa wiki? Nambari humwezesha mwajiri kukadiria ukubwa wa jukumu. Asiyekumbuka idadi kamili aandike makadirio ya chini anayoweza kuyatetea, wala asibuni.

Kusoma tangazo la kazi

Ujuzi ukishatambuliwa, hauna budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa mwajiri mpya. Kila fani ina msamiati wake. Mwalimu husema azimio la kazi, na shirika la maendeleo husema mpango wa utekelezaji. Mwekahazina wa chama husema kitabu cha michango, na idara ya fedha husema leja. Kitendo huwa kimoja. Tofauti ya maneno humfanya msomaji wa maombi kupita bila kukiona.

Kwa sababu hiyo, mwombaji anapaswa kulisoma tangazo la kazi akiwa na kalamu mkononi. Apigie mstari kila kitenzi kilichomo katika orodha ya majukumu, kisha atafute katika daftari lake kitendo kinacholingana nacho. Pale vinapolingana, atumie neno la tangazo mradi liwe la kweli. Kampuni kubwa nyingi hutumia programu za kompyuta kuchuja maombi kabla ya afisa yeyote kuyasoma, na programu hizo hutafuta maneno yale yale yaliyo katika tangazo.

Ni kutokana na hali hiyo ambapo wasifukazi mmoja hauwezi kutumwa kwa waajiri 50 bila kubadilishwa. Mambo ya kimsingi hubaki. Mpangilio na msisitizo hubadilika kulingana na nafasi inayoombwa.

Mifano ya kutafsiri ujuzi

Mifano ifuatayo ni ya kubuni, ila kazi zinazotajwa ni zile ambazo msomaji hukutana nazo kila siku. Ya kwanza ni ya wakala wa pesa kwa simu. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, vibanda vya aina hii vimekuwa shule ya kwanza ya fedha kwa vijana wengi. Wahudumu wake huandika hivi:

"Nilifanya kazi katika duka la M-Pesa."

Sentensi hiyo inaficha mengi. Wakala hulinganisha pesa taslimu na floti iliyo kwenye simu mara kadhaa kwa siku, hukagua vitambulisho, huweka kumbukumbu za kila muamala, huwaeleza wateja wazee utaratibu na huwa macho dhidi ya matapeli. Kwa anayeomba kazi ya karani wa fedha, sentensi ingekuwa:

"Alihudumia wateja wapatao 80 kwa siku, akikagua vitambulisho na kurekodi kila muamala, alisawazisha pesa taslimu na salio la simu kila jioni kwa miaka mitatu bila upungufu."

Mfano wa pili ni wa utingo wa matatu, kazi inayobezwa kiasi kwamba walioifanya huiondoa kabisa na kuacha pengo la miaka. Utingo hukusanya nauli na kurudisha chenji gari likiwa mbioni, hukumbuka nani amelipa, huamua ugomvi wa abiria na kukabidhi hesabu kwa mwenye gari kila usiku. Kwa nafasi ya mauzo au ya huduma kwa wateja, anaweza kuandika:

"Alikusanya na kuwasilisha mapato ya kila siku ya gari la abiria 33, alitatua malalamishi ya abiria papo hapo, alifikisha lengo la mapato lililowekwa na mmiliki kwa siku nyingi za juma."

Mfano wa tatu ni wa karani wa sensa. Katika sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu milioni 47.6, makarani walitumia vifaa vya kidijitali badala ya fomu za karatasi. Aliyeshiriki hakufanya kibarua cha siku chache tu. Alijifunza kutumia programu ya kukusanya takwimu, aliuliza maswali nyeti kwa heshima, alitunza siri za familia na kukamilisha eneo lake kabla ya makataa. Mashirika ya utafiti huhitaji watu wenye ujuzi uo huo.

Mfano wa nne ni wa mwalimu wa shule ya msingi anayeomba kazi ya kutoa mafunzo katika shirika. Badala ya kuandika kwamba alifunza Hisabati na Sayansi, anaweza kueleza kwamba aliandaa maazimio na maandalio ya masomo kwa mihula tisa mfululizo, akapima maendeleo ya wanafunzi 55, akawaelezea wazazi matokeo katika vikao na kuwaelekeza walimu watatu waliokuwa katika mafunzo ya nyanjani.

Mfano wa mwisho ni wa mfanyakazi wa nyumbani aliyerejea kutoka Ghuba. Iwapo alimhudumia mzee aliyekuwa kitandani, alimpa dawa kwa saa zilizopangwa, akamgeuza ili asipate vidonda, akapika mlo maalumu wa mgonjwa wa kisukari na kujifunza Kiarabu cha mazungumzo, basi ana msingi wa kazi katika makao ya wazee, hoteli au wakala wa usafiri. Neno "yaya" pekee lingezika yote hayo.

Mahali pa kuuweka ujuzi katika wasifukazi

Kuna mipangilio mitatu inayotumika sana. Wa kwanza hufuata tarehe, kuanzia kazi ya hivi karibuni kurudi nyuma. Humfaa mtu ambaye kazi zake zimefuatana katika fani moja. Wa pili hupangwa kwa makundi ya ujuzi, na tarehe hutajwa kwa ufupi au kuachwa. Ingawa humvutia mtu anayebadilisha fani, baadhi ya waajiri hushuku kwamba mwenyewe anaficha jambo.

Mpangilio wa tatu huchanganya yote mawili, nao ndio unaowafaa wengi wa wanaozungumziwa hapa. Juu ya ukurasa, baada ya jina na anwani, huwekwa maelezo ya mistari mitatu au minne yanayotaja nafasi inayotafutwa na ujuzi mkuu wa mwombaji. Hufuatwa na ujuzi wa aina tatu au nne, kila mmoja ukiwa na ushahidi wa sentensi moja. Baada ya hapo huja kazi na shughuli zenye tarehe, kisha elimu na mwishowe warejelewa.

Kwa mwombaji asiye na tajriba ndefu, kurasa mbili zinatosha. Hakuna haja ya kuandika dini, kabila, nambari ya kitambulisho au idadi ya watoto ikiwa tangazo halikuitisha maelezo hayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika sehemu ya tano, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mwombaji kwa misingi ya jinsia, dini, asili ya kikabila, ulemavu, ujauzito na mengineyo.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kazi isiyo rasmi haihitaji kupambwa kwa cheo cha kifahari. Muuza mboga asijiite mkurugenzi mkuu. Inatosha kuandika "Mmiliki, biashara ya mboga, soko la Gikomba, 2018 hadi 2023", kisha vitendo na nambari zifuate.

Ushahidi hutoka wapi?

Mwombaji aliyekuwa na mwajiri rasmi ana haki ambayo wengi hawaidai. Sehemu ya 51 ya Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapomalizika, isipokuwa pale ambapo utumishi ulidumu kwa muda usiotimiza wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika barua ya sifa, ila cheti cha utumishi si hisani.

Aliyefanya kazi katika sekta isiyo rasmi hutafuta ushahidi kwa njia nyingine. Mwenyekiti wa chama, mwenye duka, mwenye matatu, kasisi au imamu anayeifahamu kazi yake anaweza kuwa mrejelewa, mradi aombwe ruhusa kabla ya jina na nambari yake kuandikwa. Vitabu vya hesabu, picha za kazi za mikono na barua za shukrani pia hufaa kuhifadhiwa, ingawa haziambatishwi hadi ziitishwe.

Kwa mafundi, ipo njia ya kuubadilisha ujuzi kuwa cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi kwa viwango vya gredi, na aliyejifunzia kazi kando ya barabara anaweza kutahiniwa sawa na aliyeketi darasani. Kadhalika, sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo (KNQA) iliweka msingi wa kutambua masomo na ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Afueni nyingine ilikuja mwaka wa 2022, Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho. Mwajiri hapaswi tena kumtaka mwombaji awasilishe vyeti vya uidhinishaji kutoka kwa asasi za serikali isipokuwa awe ananuia kumpa mkataba wa kazi. Kabla ya hapo, vijana walitumia pesa nyingi kukusanya vyeti hivyo kwa kila kazi waliyoiomba, hata pale ambapo hawakuitwa kwa mahojiano.

Ujuzi huhama, leseni haihami

Ni muhimu kutambua mipaka ya hoja hii. Kuna kazi ambazo sheria inahitaji mtu awe na usajili au leseni, na hakuna ufundi wa maneno unaoweza kuziba pengo hilo. Mama aliyemuuguza mgonjwa nyumbani kwa miaka mitano hawezi kuajiriwa kama muuguzi kabla ya kusomea na kusajiliwa. Aliyezoea kutengeneza nyaya mtaani hana ruhusa ya kutia umeme jengoni bila leseni. Ujuzi wao ni wa kweli, nao unaweza kuwa hoja nzuri ya kukubaliwa chuoni au kuajiriwa kama msaidizi. Kuudai kama sifa ya kitaaluma ni kuhatarisha maisha ya wengine.

Mpaka wa pili ni baina ya kutafsiri na kudanganya. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi vya masomo. Walionaswa walikabiliwa na tishio la kufutwa kazi, kushtakiwa na kudaiwa mishahara waliyolipwa. Njia ya mwongo ni fupi, na katika enzi hii ya sajili za kompyuta imezidi kuwa fupi.

Uongo katika wasifukazi hauanzii kwenye cheti bandia. Huanza kwa miezi mitatu kugeuzwa mwaka, kwa msaidizi kujiita meneja, kwa aliyeona programu ikitumiwa kudai kwamba anaimudu. Kipimo chake ni rahisi. Kwa kila sentensi aliyoiandika, mwombaji ajiulize kama anaweza kuisimulia kwa dakika mbili mbele ya mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa lipi, alichukua hatua gani na matokeo yakawa yapi. Sentensi isiyoweza kusimuliwa hivyo iondolewe.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Maswali hayo manne ndiyo ambayo wahoji wengi huyatumia wanapomtaka mwombaji atoe mfano wa tatizo alilowahi kulitatua. Aliyeuandaa wasifukazi wake kwa njia hii huingia katika chumba cha mahojiano akiwa tayari na visa vyake mwenyewe, wala halazimiki kukariri majibu ya wengine.

Kwa nini wengi hushindwa

Kikwazo kikubwa si lugha wala kompyuta. Ni mazoea ya kuamini kwamba kazi ni ile tu yenye ofisi, na kwamba kinachojulikana ni kile tu kilichofunzwa darasani. Mazoea hayo ndiyo humfanya mtu aliyelisha familia kwa biashara ya mitumba kumwambia mwajiri kuwa amekuwa akikaa tu nyumbani.

Hata mfumo wa elimu umeanza kuyatikisa mazoea hayo. Mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka wa 2017, unataja umilisi wa kimsingi wa aina saba: mawasiliano na ushirikiano, uwazaji wa kina na utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia, kujifunza kujifunza, kujiamini na umilisi wa kidijitali. Hakuna hata mmoja kati yake ulio mali ya fani moja. Kizazi kilichosoma kwa mtaala huo kinapoanza kuomba kazi, kitakuwa na msamiati ambao wazazi wao walinyimwa.

Kuna pia tatizo la unyenyekevu. Jamii nyingi nchini humlea mtoto asijisifu, na methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni hekima nzuri sokoni, ambako mnunuzi hulishika tunda na kuligeuza mkononi. Mwajiri mwenye maombi 400 mezani hana tunda la kushika. Ana karatasi tu. Kumweleza kwa ukweli, kwa vitendo na kwa nambari yale ambayo mtu ameyafanya si majisifu, bali ni kumpa nafasi ya kuamua kwa haki.

Wataalamu wa masuala ya ajira hushauri kwamba daftari la vitendo lisisubiri siku ya kutafuta kazi. Ujuzi wenyewe hauzeeki, lakini kumbukumbu hufifia. Idadi ya wateja, jina la programu iliyotumika, kiasi cha pesa kilichookolewa na tarehe ya mafunzo husahaulika baada ya mwaka mmoja. Anayeandika mistari mitano kila mwisho wa mwezi, awe kazini, chuoni au sokoni, atakuwa na hazina ya kutosha siku tangazo litakapotoka na makataa yakawa kesho kutwa.